Kitabu ya Majina Kule kwa Wagiriki

Ilikuwa Jumanne, na Jumanne ilikuwa siku yangu ya kufua. Nilianika nguo za watoto watano na mashuka mawili kwenye kamba nyuma ya nyumba yetu ya mutaa wa Mbunya, nikaangalia mawingu, nikajiambia: kabla ya mvua ya saa tisa nitakuwa nimerudi. Zile nguo sikuzianua. Sasa nina wajukuu, na bado najua ni nguo gani ilikuwa karibu na gani kwenye ile kamba.

Sikutaka kwenda. Ni Vero mwenye alitaka, na kwenda peke yake aliogopa.

Vero alikuwa bibi ya ndoa ya Petro, mudogo yangu. Jina yake ya ubatizo ilikuwa Veronika, sawa na yangu. Jina yake ingine, ile alipewa kwao upande wa Fataki, sitaiandika hapa. Mutaona sababu. Mimi watu wananiita Mama Kristina, kwa jina ya mutoto wangu wa kwanza. Vero alikuwa na miaka ine katika ndoa na hakuna mutu aliweza kumuita Mama fulani. Mutaa wote uliendelea kumuita Vero, kama musichana mwenye bado iko kwa wazazi. Alicheka sana. Alipocheka alifunika mudomo kwa mukono, juu ya jino moja lenye lilivunjika akiwa mutoto.

Petro alikuwa Tchomia wiki ile, kununua samaki ya kukausha. Vero alisema: ni nafasi yake. Petro hapendi mambo ya makanisa ya watu wengine.

Kule tunasema "kwa Wagiriki", lakini jina ya kweli ni monasteri ya Waortodoksi. Iko juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa muguu kutoka Mbunya. Wagiriki wenye walikuwa wananunua kahawa wakati wa Wabelgiji njo waliijenga, kwa mawe, na kanisa ndogo katikati yenye kichwa cha mviringo. Wagiriki walienda zao, mawe yalibaki. Wakati ule alikuwa amebaki mumonaki mumoja tu, Baba Yakobo, muzee wa Kasai, ndevu mpaka kifuani, Swahili yake imejaa Lingala.

Wanawake wa kila kanisa walikuwa wanapanda kule. Walisema kuna picha ya Mama Maria yenye imesaidia wanawake wenye hawazai. Unabeba nta ya nyuki, Baba anatengeneza mushumaa, anauwasha mbele ya picha, anaandika jina yako kwenye kitabu, na kila asubuhi anaisoma mbele ya Mungu. Vero alikuwa na nta, mama yake aliituma kutoka Fataki, imefungwa kwenye jani ya ndizi.

Njiani aliniambia, na mimi aliniita yaya, dada mukubwa:

"Yaya, tukifika usigombane na Baba."

"Nitagombana naye juu ya nini?"

"Sijui. Weye unagombana hata na mvua."

Tulipanda pole pole. Watu walikuwa kwenye mashamba wanapalilia maharagi. Mama mumoja alitusalimia na jembe yake, akauliza tunaenda wapi. Vero akasema tunaenda kutembea tu. Yule mama akacheka, alijua.

Ndani ya kanisa ilikuwa baridi. Mbele kulikuwa ukuta wa mbao, picha tupu toka juu mpaka chini, na mulango katikati yenye pazia nyekundu. Nyuma ya pazia ni altare, na Baba alituambia mara moja kwamba mwanamuke haingii pale. Nikasema sawa, kila nyumba na sheria yake. Niliangalia zile picha. Picha za kwetu Wakatoliki zinaangalia mbinguni. Zile zinakuangalia weye.

Baba akaleta kitabu. Ilikuwa kubwa, imeshonwa kwa uzi. Upande wa kushoto musalaba nyekundu juu: wazima. Upande wa kulia musalaba nyeusi: wafu. Chini yake majina, mustari kwa mustari. Maria. Yohana. Petro. Maria. Veronika.

"Jina?" Baba akauliza.

"Veronika," Vero akasema.

Akaandika Veronika kwa wazima. Akafunga kalamu.

"Baba," nikasema, "na ingine?"

"Ingine gani?"

"Jina. Umeandika nusu."

"Mama, hapa tunaandika ya ubatizo tu. Njo desturi yetu."

"Naona pale juu kuna Veronika wawili. Na mimi ni Veronika. Mungu atajua ni nani?"

"Mungu anajua."

"Baba, mimi nina watoto watano. Akikosea akinipa mimi wa sita, weye utamulea?"

Vero akaweka mukono kwa mudomo. Baba pia akacheka, ndevu zikatikisika.

Lakini mimi sikuwa nacheza. Sharti nieleze. Miaka mbili kabla ya ile, paroko aligawa maharagi kwa watu wenye walikimbia vijiji, na mimi nilikuwa mumoja wao. Waliita "Veronika". Nilikuwa kwenye bomba ya maji, nasikia sauti kwa mbali, nikakimbia. Veronika mwingine alikuwa amekwisha kubeba gunia. Yule bwana wa liste ya majina akaniambia: "Mama, andikisha jina kamili, usilie." Toka siku ile, hospitali, masomo, popote penye kalamu, nilitaja majina yote. Mutu mwenye hana jina kamili kwenye liste hana kitu. Kwangu, kitabu ya Baba ilikuwa liste kama zingine.

Baba aliona sitatoka. Akafungua kalamu tena.

Vero alikuwa anaona haya, anaangalia chini. Mimi njo nilitaja ile jina ya kwao. Niliitaja pole pole, mara mbili, ili muzee wa Kasai asikosee.

Katika kitabu yote ilikuwa jina moja tu yenye mukia vile.

"Sasa njo imeandikwa," nikasema.

Tulikuwa tunakula mukate wenye Baba alitupa, pale kwenye kivuli ya ukuta, wakati tulisikia masasi ya kwanza ya bunduki. Tulifikiri ni watu wa barabara wanapasua mawe. Halafu ikaja ile nzito, yenye unasikia ndani ya tumbo kabla ya masikio.

Moshi ilipanda kutoka mujini. Ya kwanza upande wa soko. Ya pili Mbunya.

Nilisimama niende. Baba akanishika mukono, yeye mwenye hagusi wanawake.

"Mama, angalia barabara."

Watu walikuwa wanapanda, siyo kushuka.

Pale hawana kengele. Wana ubao mrefu, umetundikwa kwa kamba, na nyundo ya mti. Baba aliupiga. Aliupiga mpaka jasho ikaingia kwa ndevu. Watu wa mashamba wakaja, na yule mama wa jembe, na wengine kutoka barabarani. Tulihesabu kama makumi ine. Baba akafunga geti kwa mnyororo. Ule ubao hakuupiga tena.

Hatukutoka kwa siku nane.

Nikisema siku nane, kijana anafikiri ni kidogo. Muweke watu makumi ine katika kanisa yenye inatosha makumi mbili, muwaambie wasikohoe. Muwape tanki moja ya maji, na muzee mwenye anagonga tanki kwa kidole kila asubuhi kusikiliza maji imeshuka mpaka wapi. Kulikuwa dirisha moja ndogo, juu, kama upana wa mikono mbili. Kutoka pale niliona mabati ya Mbunya, lakini yangu sikuijua kati ya zingine. Sikujua kama bwana yangu alitoka na watoto. Nilijua nguo ziko kwenye kamba na mvua imenyesha juu yao mara tatu.

Chini ya kilima, siku ya pili, wenye bunduki waliweka bariere. Mti katikati ya barabara, vijana watatu, ine. Mwenye anapita anaulizwa jina, anaulizwa luga. Sitasema walikuwa upande gani. Kila upande ulikuwa na bariere yake, na jina zenye haikutaka.

Ile upande haikutaka majina ya kwao na Vero.

Baba alitukusanya. Akasema:

"Humu ndani, toka sasa, munaitana kwa jina ya ubatizo tu. Maria, Yosefu, basi. Sitaki kusikia ingine, hata mama kwa mutoto yake."

Njo mimi nikasema: "Na makarte?" Kila mutu mukubwa alikuwa na karte ya kujitambulisha kwenye mufuko, na karte inasema kila kitu. Niliizungukia kanisa na kitambaa, nikakusanya zote, yangu ya kwanza. Tulizichoma kwenye jiko yenye Baba alikuwa anayeyushia nta. Zilinuka vibaya. Mzee mumoja alikataa, nikamunyanganya. Vero alinisaidia kupuliza moto. Nilijisikia kwamba nimefanya kazi nzuri.

Sikufikiri kitabu. Makumi ine ya watu, hakuna hata mumoja alifikiri kitabu.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimekaa karibu ya pazia. Baba alikuwa nyuma, anasoma majina, kwa sauti ndogo kama kawaida yake. Maria. Yohana. Veronika. Veronika. Na kisha Veronika yenye mukia, majina yote, sawasawa vile nilimufundisha.

Alipotoka nikamufuata mpaka jikoni.

"Baba, ile ukurasa."

Alijua. Niliona kwa macho yake kwamba alijua toka jana.

"Kitabu iko kwenye altare," akasema. "Pale hakuna mutu anaingia."

"Mwenye bunduki anaingia popote. Pasua ukurasa. Ama piga mustari juu ya ile jina."

"Mama, nimekuwa hapa miaka makumi mbili. Mutu nimemutoa kwa wazima mara moja tu: akifa."

"Basi usimutoe yeye. Toa ile ya kwao, ubakishe Veronika."

Akasema: "Ni jina yake. Muulize mwenyewe. Akikubali, nitakata."

Nilimuita Vero kwenye pembe ya mawe, nyuma ya tanki. Nilimueleza. Nilifikiri ni neno ya dakika moja.

Akatikisa kichwa.

"Vero, usiwe mujinga."

"Yaya, nimechelewa siku tisa."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa: siku zake za mwezi.

"Unaweza kuchelewa juu ya njaa," nikasema. "Juu ya woga. Na tumefika hapa Jumanne tu."

"Miaka ine sijachelewa hata siku moja. Na sasa imeandikwa, kila asubuhi anaisoma. Ukitoa jina yangu pale, unatoa na yeye."

"Siyo yote. Ya kwenu tu."

"Weye njo ulisema nusu haitoshi."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mutu anakukumbusha kitu. Alikuwa ameniamini, njo shida yote. Nilipokuwa nagombana na Baba juu ya ile jina, yeye alikuwa anaangalia chini na kuniamini.

Nilirudi kwa Baba, nikamuambia amekataa. Akainamisha kichwa. Akasema basi.

Nilikaa siku tatu nikiangalia ile pazia. Ilikuwa hatua saba kutoka pale nililala. Baba alikuwa anatoka kuangalia tanki, anakaa mbali muda mrefu. Ningeweza kuingia, kupasua, kurudi, kabla mutu hajageuza kichwa. Mimi mwenye nagombana hata na mvua. Lakini nilikuwa nimesema kila nyumba na sheria yake, na zile picha zilikuwa zinaniangalia. Sikuingia. Nimegombana mahali pa kunyamaza, nimeheshimu mahali pa kuvunja. Sina maneno mengine ya kuisema.

Siku ya sita waligonga geti. Asubuhi, jua tayari kali.

Baba akafungua. Angefanya nini.

Walikuwa nane. Mukubwa wao alikuwa musafi, viatu vimepakwa rangi, kama mutu anaenda kazini. Akamusalimia Baba kwa Kifaransa: "Bonjour, mon père." Akavua kofia ndani ya kanisa.

"Muko wengi humu."

"Ni Wakristo," Baba akasema.

"Makarte."

Alinyoosha mukono, ikabaki tupu.

"Watu makumi ine," akasema, "na hakuna hata karte moja? Ni muujiza ya wapi hii?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Alianza kuuliza majina. Yosefu. Maria. Maria. Ana. Petro. Yohana. Veronika. Aliona vile tulikuwa tunafanya. Akaacha. Akatazama ukuta wa picha, akatazama pazia.

Baba akasimama mbele ya pazia. Kijana mumoja akamusukuma kwa bega, siyo kwa nguvu. Muzee akaanguka.

Tulisikia viatu kule nyuma.

Akatoka na kitabu mukononi.

Alikuwa anasoma vizuri. Kidole yake ilishuka kwa wazima, mustari kwa mustari. Maria, Maria, Yohana. Nilikuwa nahesabu na yeye ndani ya moyo.

Kidole ikasimama.

Aliisoma. Majina yote. Kwa sauti ya kuita watoto masomoni.

"Huyu iko humu?"

Akarudisha kidole kwenye jina.

"Hivi karibuni ameandikwa, wino ingali nyeusi. MaVeronika wote wasimame."

Tulikuwa wane. Muzee mumoja wa macho mabaya. Musichana wa miaka kumi hivi, bado na sketi ya masomo, mama yake amemushika kiuno na hataki kumuachilia. Vero. Na mimi.

Tulisimama.

"Ni nani?"

Akatuangalia mumoja mumoja.

"Sawa. Nachukua wane wote, tutaulizana kule chini."

Mama ya yule musichana alianza kulia bila sauti.

Hapa nitaandika vile ilikuwa. Mimi ni mutu wa Mahagi. Nikifungua mudomo, kila mutu anasikia mimi ni wa wapi. Ningesema "ni mimi", labda angecheka na kuniambia kaa chini, mama. Labda angenipiga. Labda angenichukua tu, sababu karte yangu ilikuwa majivu na sikuwa na kitu ya kumuonyesha. Sitajua. Nilifikiri watoto watano. Nilifikiria hata nguo kwenye kamba. Mudomo wangu ulikuwa wazi na hakuna kitu kilitoka.

"Ni mimi," Vero akasema.

Alisema na jina ya kwao, yote, sawasawa vile iliandikwa.

Alipita mbele yangu. Nilinyoosha mukono, nikashika kanga yake. Akatoa vidole vyangu kimoja kimoja.

"Yaya," akasema, "usigombane nao."

Sikugombana.

Yule mukubwa aliweka kitabu juu ya meza ya mishumaa, wazi, vile alikuwa anaisoma. Akavaa kofia kwenye mulango. Kutoka dirisha niliona kichwa ya Vero ikishuka kati yao, murefu kuliko wengi wao, mpaka kwenye bariere, mpaka kona. Hakugeuka. Masasi sikusikia. Watu waliniuliza baadaye, na nimewajibu vilevile: masasi sikusikia.

Baada ya siku mbili, wengine wakaja kufukuza wale, bariere ikaondoka, tukashuka. Nyumba yangu ilikuwa na kuta. Bwana yangu alikuwa ametoka na watoto wote kwa barabara ya Tchomia, walirudi wazima, isipokuwa mudogo wao mwenye alikufa na kuhara njiani. Alikuwa na miaka mbili. Kwenye kamba hakukuwa na nguo, na kamba yenyewe waliikata.

Petro alirudi baada ya mwezi. Akauliza: "Vero iko wapi?" Nilimuambia walikuja wakamuchukua. Alitafuta Fataki, alitafuta kambi zote, alitafuta mpaka Uganda. Baada ya miaka sita akaoa mwingine, iko Mahagi, ana watoto ine. Hakuna mwaka aliacha kuniuliza: walimujuaje? Na mimi kila mwaka nilijibu kwamba kulikuwa mutu wa kusema. Ilikuwa kweli. Petro, mutu wa kusema ni mimi. Nilisema siku tano kabla, na kalamu iliandika.

Mwaka huu nilirudi kule juu. Baba Yakobo alikufa, na mumonaki wa sasa, Baba Simeoni, alituma habari kwa familia zote: muchwa imekula kitabu ya zamani, anaandika mupya, anataka watu waje kuthibitisha majina yao. Mujukuu wangu Neema alinipandisha kwa pikipiki. Ni mwendo wa dakika makumi mbili tu.

Ubao bado umetundikwa pale. Picha ni zile zile. Tanki wameongeza ya pili.

Baba Simeoni alifungua kitabu ya zamani kwenye meza. Muchwa ilikuwa imekula pembe, imezunguka ile ukurasa na kuiacha.

"Mama, nina shida na huyu," akasema. "Iko kwa wazima, na jina zote mbili. Muzee hakupiga mustari. Wenye walikuwa wanasali na yeye wanasema aliisoma kila asubuhi mpaka akafa."

Miaka yote ile. Mimi huku chini nimekwisha kumulilia, na muzee kule juu anamutaja kati ya wazima, na mukia yake yote.

"Ni nani, Koko?" Neema akaniuliza.

"Bibi ya babu yako Petro, wa kwanza."

"Mwenye alipotea? Lakini hakuna mutu aliona maiti. Labda iko mahali."

"Kama iko mahali angetuma neno. Alinijua penye nakaa."

Neema akarudisha macho kwenye kitabu.

"Basi nimuandike wapi?" Baba Simeoni akauliza. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi nyeupe, inangoja.

Kumuhamisha ilikuwa kazi ya mutu mumoja, na yule mutu sikuona ni nani kama siyo mimi.

"Wafu," nikasema.

"Na jina? Kawaida yetu ni ya ubatizo tu, lakini muzee aliandika yote. Niandike yote?"

"Veronika," nikasema. "Basi. Mungu anajua ni nani."

Akaandika kwa kulia. Halafu akaniuliza kama na mimi nataka kuandikwa, sababu nimefika. Nikasema andika. Akauliza jina. Nikasema Veronika. Alingoja kidogo kama nitaongeza. Sikuongeza. Akaandika kwa kushoto.

Akageuza kitabu nione. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa masomo, lakini ile jina naisoma. Wino ni moja, mukono ni moja. Nilitafuta tofauti kati ya ile ya kushoto na ile ya kulia, sikuiona. Katikati kulikuwa uzi tu, wenye unashona kitabu.